Mazoezi yaliyomponya mke wangu yamenizidishia maumivu mimi: kosa ni la mazoezi au ni langu?

#1 Usukani

Wakuu, salaam.

Naomba niulize jambo ambalo nimelizunguka kwa muda mrefu kwa sababu ya haya. Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa tatu mwaka juzi, na tangu hapo akawa hawezi kupiga chafya wala kunyanyua ndoo ya maji bila mkojo kumponyoka. Hospitalini alipelekwa kitengo cha fiziotherapia, akapewa karatasi yenye michoro ya mazoezi ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, akaelekezwa, akafuatiliwa, na baada ya miezi minne hivi akarudi kwaya anaruka kama zamani. Karatasi ile bado imebandikwa ndani ya mlango wa kabati letu.

Mimi ni dereva wa lori, na safari zangu nyingi ni za Dar es Salaam hadi Tunduma. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa na maumivu kwenye msamba, yaani pale kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Nikikaa muda mrefu nahisi kama nimekalia ndimu, mkojo unaanza kwa kusuasua, na nikimaliza nahisi bado upo. Nimetibiwa UTI mara tatu, na katika mbili kati ya hizo kipimo hakikuonyesha vijidudu vyovyote. Basi nikajisemea kwamba kama tatizo ni la huko chini, na dawa ya huko chini ipo ndani ya kabati langu, nahangaika nini? Nimekaza kwa wiki sita, kwenye foleni ya mizani, nikisubiri makaratasi mpakani, asubuhi na jioni. Maumivu yamezidi, na sasa hata baada ya tendo la ndoa nauma siku nzima.

Je, mazoezi haya hayamfai mwanamume, au nayafanya vibaya?

#2 Mkulima Mbishi

Mkuu, umeiba dozi ya mkeo halafu unashangaa kwamba haikukubali. Hiyo misuli anayo mwanamke kwa ajili ya kuzaa, mwanamume hana. Nenda kapime tezi dume, uache kukaza kitu ambacho Mungu hakukuwekea.

#3 Kalamu Nyekundu

Mkulima, hapo umepotosha, na ni vizuri tukasahihishana mapema kabla uzi haujaenda mbali. Misuli ya sakafu ya nyonga anayo kila mtu. Imetandazwa kama machela kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, na juu yake vinakaa kibofu, puru, na kwa mwanamke mji wa mimba. Tofauti ni idadi ya matundu yanayopita katikati ya machela hiyo, ambayo kwa mwanamke ni matatu na kwa mwanamume ni mawili. Ndiyo misuli inayokuwezesha kuzuia upepo unapokuwa mbele ya wakwe, na sidhani kama wewe huwa huuzuii.

Ni kweli kwamba mazoezi haya yalianza kuandikwa kwa ajili ya wanawake. Arnold Kegel, daktari wa magonjwa ya wanawake nchini Marekani, aliyaeleza katika jarida la kitabibu mwaka 1948, akiyaambatanisha na kifaa alichokibuni cha kupima nguvu ya mkazo. Kwa hiyo jina ni la mtu, ingawa kuna watu humu mitandaoni wanaoliandika kana kwamba ni jina la dawa.

#4 Fizio wa Kanda

Nimefanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka tisa, na swali la mleta uzi ni la maana kuliko linavyoonekana. Siwezi kumpima mtu kupitia maandishi, kwa hiyo yachukuliwe haya kama maelezo tu.

Mleta uzi ni dereva, basi nimweleze kwa turubai lake. Kamba ya turubai iliyolegea huwa unaikaza, na mzigo unatulia. Lakini kamba ambayo imekwisha kuvutwa hadi inalia, ukiendelea kuikaza, ama itakatika ama itang'oa kulabu. Misuli ya sakafu ya nyonga nayo iko hivyo. Mama aliyejifungua mara tatu na anayevujwa na mkojo akikohoa, mara nyingi misuli yake imedhoofika au imetanuka, na kukaza ndiko kunakomfaa. Mtu mwenye maumivu ya msamba, mkojo unaosuasua, choo kigumu, na maumivu baada ya kukutana kimwili, huenda misuli yake imekakamaa saa zote bila yeye kujua. Huyo ukimwambia akaze, umemwongezea ugonjwa. Anatakiwa kwanza ajifunze kuachia, kazi ambayo kwa wengi ni ngumu zaidi kuliko kukaza.

Lipo jambo moja lisilosubiri majibu ya uzi. Yeyote mwenye ganzi kwenye msamba na sehemu za siri, hasa ikiambatana na maumivu ya mgongo, miguu kuishiwa nguvu, au mkojo kuziba ghafla au kutoka bila habari, aende hospitali siku hiyohiyo. Damu kwenye mkojo, homa, au kupungua uzito pasipo sababu navyo vinamhitaji daktari kabla ya mazoezi yoyote.

#5 Mama Pacha

Asante Fizio. Hata hivyo sikubaliani kwamba lazima awe amekakamaa, kwa sababu mimi nilizidiwa nikiwa na misuli dhaifu kabisa, na sababu ilikuwa kwamba nilikuwa nafanya kinyume.

Nilijifungua pacha, nikachanika msamba hadi karibu na njia ya haja kubwa, nikashonwa. Miezi mitatu baadaye nilikuwa siwezi kuzuia upepo, na mkojo ndiyo usiseme. Niliyasoma mazoezi kwenye simu, nikayafanya kwa bidii kama mtu anayeandaliwa mashindano, na nikazidi kuhisi kitu kinashuka ukeni kama ulimi. Nilipomwona mtaalamu aliniuliza kama naweza kumwonyesha. Aliniambia nijitazame kwa kioo kidogo cha mkononi, na hapo nikaona mwenyewe: kila nilipodhani ninakaza, msamba ulikuwa unatokeza nje, yaani nilikuwa nasukuma kama niko leba. Mkazo wa kweli unauvuta msamba kwenda ndani na juu, na pumzi inaendelea kutoka kama kawaida. Miezi mitatu yote nilikuwa nimeifanyia kazi ya kuibomoa nyumba nikidhani naikarabati.

Kwa hiyo Usukani, pengine unasukuma. Jaribu kukata mkojo katikati ukiwa chooni, utaijua misuli yenyewe, halafu uwe unafanya hivyo kila unapokojoa.

#6 Fizio wa Kanda

Mama Pacha, kisa chako nitakitumia kufundishia, ila sentensi ya mwisho naomba niirekebishe. Kukata mkojo katikati ni njia ya kuitambua misuli mara moja au mbili tu. Ukifanya ndiyo zoezi la kila siku unakifundisha kibofu kutomaliza kazi yake, na mkojo unaobaki ndio unaoalika maambukizi. Kwa mtu kama Usukani, ambaye tayari hamalizi, nisingemshauri hata hiyo mara moja.

#7 Mzee wa Kibosho

Vijana, nimesoma kimya tangu asubuhi. Mimi nina miaka 68. Nilitolewa tezi dume lote kwa sababu ya saratani, na mpira wa mkojo ulipotolewa niligundua kwamba sina tena breki. Nikisimama kutoka kwenye kiti, mkojo unatangulia. Nilikuwa naenda kununua pedi za watu wazima duka la mbali, na muuzaji akiuliza ni za nani, najibu ni za mgonjwa nyumbani, jambo ambalo halikuwa uongo.

Mtaalamu alinifundisha kukaza kana kwamba nauvuta uume kwenda ndani na kuzinyanyua korodani, bila kubana makalio wala kuzuia pumzi. Halafu akanifundisha lililonisaidia kuliko yote, nalo ni kukaza kabla ya tukio. Ninapotaka kusimama nakaza kwanza ndipo nasimama, na kikohozi kikija nakaza kwanza ndipo nakohoa. Nilianza na pedi nne kwa siku, mwezi wa tisa nikawa natumia moja, na sasa ninaiweka ninapokwenda misibani tu, kwa sababu huko kukaa na kusimama hakuishi. Majuto yangu ni kwamba hakuna aliyeniambia nianze kujifunza kabla ya upasuaji, wakati misuli ilikuwa bado inanisikia.

Kwa hiyo wewe Mkulima unayesema mwanamume hana misuli hiyo, mimi ninayo, na nina risiti za pedi kuthibitisha.

#8 Mkulima Mbishi

Shikamoo mzee, nimekubali kuhusu misuli. Lakini maelezo yako yanaunga mkono hoja yangu kwamba mwanzo wa yote ni tezi dume. Usukani atafute upasuaji mapema.

#9 Kalamu Nyekundu

Mkulima, unachanganya mambo matatu chini ya jina moja. Kuna tezi dume kuvimba kwa uzee, ambako hakuna uhusiano na saratani. Kuna saratani yenyewe, ambayo ndiyo iliyompeleka mzee kwenye upasuaji wa kutoa tezi lote. Na kuna kile ambacho madaktari huita prostataitisi, ambacho huwapata hata vijana. Hicho cha tatu Wamarekani wamekigawa katika makundi manne, na kundi lenye watu wengi kuliko yote ni la tatu, la maumivu ya muda mrefu ya nyonga ambayo vijidudu vyake havionekani. Yaani mtu anaambiwa tezi dume limeambukizwa, anapewa antibayotiki mzunguko baada ya mzunguko, na huenda tezi lenyewe halina kosa. Simsemei Usukani, ila vipimo viwili safi kati ya vitatu si jambo la kupuuza.

#10 Mwana wa Ziwa

Je, amepimwa kichocho? Huku kwetu kanda ya ziwa mtu akilalamika mkojo, jambo la kwanza ni kuulizwa kama alikuwa anaoga ziwani. Na sukari pia ipimwe, kwa sababu kisukari nacho kinavuruga kibofu.

#11 Fizio wa Kanda

Ushauri mzuri, na marekebisho madogo: kichocho kilichozoeleka kando ya Ziwa Victoria ni kile cha matumbo. Cha mkojo kinapatikana zaidi pwani, visiwani, na katika baadhi ya maeneo ya kusini mwa ziwa, bara kidogo. Hata hivyo dereva anaoga kila mahali, kwa hiyo apimwe vyote viwili.

#12 Binti Visiwani

Assalaam alaykum. Naomba niingie na mambo ya kwetu, kwa sababu nyote mnazungumza kana kwamba elimu hii imeanzia kwa huyo Kegel.

Mimi nilipofundwa, somo yangu alinifundisha kukaza na kuachia kwa kuhesabu, tena akisisitiza kuachia polepole kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani asitake ipige maji. Nia ilikuwa kumfurahisha mume, hilo sikatai, lakini misuli ni ileile. Na nilipojifungua nilikandwa kwa maji ya moto na kufungwa mkaja siku arubaini. Bibi yangu alizaa tisa na hakuwahi kuvujwa na mkojo.

Nina swali pia. Dada yangu mkubwa ana tatizo la mkojo kumtoka, na kinachomtesa kuliko aibu ni udhu. Chuoni tulifundishwa kwamba mwenye udhuru wa kutokwa mfululizo hujisafisha, akajifunga, akatia udhu kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, na sala yake ni sahihi. Lakini yeye anaona amehukumiwa maisha yake yote kuwa hivyo, kwa kuwa kila mtu anamwambia ni mambo ya kawaida ya mtu aliyezaa.

#13 Mama Pacha

Wa alaykum salaam dada. Hilo neno la kwamba ni kawaida ya mtu aliyezaa ndilo lililonipotezea miezi. Ni tatizo lililozoeleka, lakini lina matibabu. Kuhusu bibi, samahani, tunajuaje kwamba hakuvujwa? Mama yangu alivujwa miaka ishirini na mimi mwanawe nimelijua hilo baada ya mimi kumwambia la kwangu. Alikuwa akivaa kanga ya tatu ndani, nasi tukidhani ni adabu za watu wa zamani.

#14 Kalamu Nyekundu

Na mkaja una maneno yake. Nimewahi kusoma hoja kwamba kulibana tumbo kwa nguvu kunasukuma uzito kwenda chini, juu ya misuli ileile ambayo imetoka tu kuchoka kwa uzazi. Ni kama kulikamua puto katikati.

#15 Binti Visiwani

Kaka, umewahi kufungwa mkaja? Unafungwa kuanzia chini kwenye nyonga, unabeba, ndipo unapanda juu. Anayeufunga kiunoni tu kama mshipi hajui kazi. Mngeuliza kwanza unavyofungwa ndipo mkaupinga.

#16 Fizio wa Kanda

Hapa ninakubaliana na Binti nusu. Ufungaji unaoshika nyonga yenyewe tunautumia hata sisi, kwa mishipi maalumu, kwa kina mama wenye maumivu ya viungo vya nyonga. Ule wa kubana tumbo hadi pumzi inakatika siupendi, hasa kwa mama anayehisi kitu kinashuka. Na somo wako alikuwa na jambo ambalo karatasi nyingi za hospitali zinalisahau: zimeandikwa kaza, hesabu hadi tano, kaza tena, na kuachia kunapewa nusu mstari. Kipindi cha kuachia kinatakiwa kiwe angalau sawa na cha kukaza.

Kwa dada yako, mwongozo wa Uingereza kwa wanawake wanaovujwa wakikohoa au kunyanyua kitu unasema waanze na mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu kwa muda usiopungua miezi 3, mikazo isiyopungua 8 mara 3 kwa siku, kabla ya kufikiria upasuaji. Neno la kushika hapo ni kusimamiwa, kwa sababu wengi hupewa karatasi na kuagwa, kisha wakishindwa huambiwa mazoezi hayafanyi kazi.

#17 Wa Lyon

Ninasoma kutoka Ufaransa, mimi ni mzaliwa wa Bukavu. Huku nilipojifungua sikuomba chochote. Mkunga aliniandikia vipindi 10 vya mazoezi ya msamba, na bima ya afya ya taifa ikavilipia, kwa kila mama, awe anavujwa au havujwi. Mara ya kwanza nilikataa kupimwa kwa kidole, mkunga akasema sawa, akaniwekea mkono juu ya nguo tukafanya hivyo wiki mbili, hadi mwenyewe nikamwambia yuko huru kupima. Nayasema haya kwa sababu najua wengi hawaendi wakiogopa kipimo hicho.

#18 Binti Visiwani

Umenitoa swali mdomoni. Na kwa wanaume inakuwaje?

#19 Fizio wa Kanda

Kwa mwanamume misuli hiyo hufikiwa kupitia njia ya haja kubwa, kwa kidole kimoja chenye glovu na mafuta. Kinachotafutwa ni kama misuli inakaza, kama inaachia, na kama kuna sehemu ikiguswa inarudisha maumivu yaleyale anayoyalalamikia. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwanza, kukubali, kukataa, kumtaka mtaalamu wa jinsia yake ikiwezekana, na kuwa na mtu wa tatu chumbani. Akikataa kabisa, bado kuna mengi ya kuangalia kwa nje.

#20 Mkulima Mbishi

Usukani, tunakuombea kaka.

#21 Mama wa Naivasha

Hamjambo nyote. Mmezungumza sana kuhusu mkojo wa kukohoa, lakini wangu ulikuwa mwingine. Mimi nilikuwa sivuji nikikohoa hata kidogo. Nilikuwa nabanwa ghafla, na kubanwa kwenyewe kulinijia hasa nikifika nyumbani: nikitia ufunguo kwenye kufuli la geti, basi, sifiki chooni. Nilikuwa nakojoa mara kumi na sita kwa siku, tena nikitangulia kwenda kabla sijabanwa, ili tu niwe salama kwenye matatu.

Niliambiwa kwamba kule kwenda bila kubanwa ndiko kulikokizoeza kibofu kudai mapema. Nikapewa daftari la kuandika kila ninachokunywa na kila ninapokwenda. Kisha nikaanza kuchelewesha kwa dakika kumi na tano, nikibanwa nasimama palepale, nakaza mara tano za haraka, nangoja wimbi lipite, ndipo natembea taratibu. Chai ya rangi nilipunguza kutoka vikombe sita hadi viwili, na hilo ndilo lililonitoa machozi. Wiki ya saba nilifika mara nane kwa siku. Geti bado linanitisha, lakini nafungua.

#22 Usukani

Wakuu, nawashukuru, sikutegemea. Nijibu yaliyoulizwa.

Choo changu ni kigumu, siku mbili hadi tatu. Maji nakunywa kidogo kwa makusudi, kwa kuwa ukiwa na mzigo huwezi kusimama kuchimba dawa kila unapotaka, na nikibanwa huwa nazuia hadi kituo, wakati mwingine saa tano. Kioo cha Mama Pacha nilikitumia jana usiku mlango ukiwa umefungwa, na nilichokiona ni kwamba nikikaza, msamba hausogei popote, wala juu wala chini, na nikiachia nao hausogei.

Jambo jingine nimelichunguza safari hii. Nilikuwa nashuka Kitonga na tani ishirini na nane, gia ya chini, nyuma yangu basi linapiga honi. Nilipofika chini nikagundua nimejikaza kuanzia meno hadi makalio, na miguu inatetemeka. Halafu nikajiuliza ni lini nimeachia. Tulipofika Mikumi nilikuwa bado sijaachia.

#23 Fizio wa Kanda

Msamba usiosogea unapokaza wala unapoachia una maelezo zaidi ya moja. Unaweza kuwa umeshindwa kuipata misuli, na unaweza kuwa misuli imeshafika juu haina pa kwenda. Kisa cha Kitonga kinanivuta upande wa pili, ila mimi ninayaona magonjwa haya kila siku, kwa hiyo nipunguzieni kidogo katika hukumu yangu.

Hadi utakapopimwa, ningeacha kukaza kabisa. Lala chali, magoti yamekunjwa, mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi tumbo lipande na msamba ushuke kana kwamba unaanza kukojoa, bila kusukuma. Dakika tano, mara mbili kwa siku. Chooni magoti yawe juu ya nyonga. Choo cha kuchuchumaa kinafanya hivyo chenyewe, na kwenye cha kukaa weka kigoda chini ya miguu. Kuna msuli unaolizungushia puru kama kitanzi, na ukikaa wima unakuwa umelikunja.

#24 Spoku

Mimi ni mwendesha baiskeli wa mashindano na naona nyote mmeupita mlango. Tatizo si misuli, ni mshipa wa fahamu. Upo mmoja unaopita pembeni ya mfupa wa kukalia na kulisha msamba wote, na mtu anayekalia kiti kibovu kwa saa kumi na mbili anausaga. Nilikuwa na maumivu hayohayo, yakiisha nikisimama, na yakiwa nafuu hata nikikalia choo kwa sababu katikati kuko wazi. Nilibadilisha kiti cha baiskeli, nikakata safari kwa miezi miwili, nikapona bila kukaza wala kuachia kitu.

#25 Fizio wa Kanda

Hilo lipo, ingawa misuli iliyokakamaa nayo hubana mshipa huohuo, na mshipa ulioumia nao hufanya misuli ikakamae. Ukimuuliza daktari wa mishipa atasema kimoja kimetangulia, ukiniuliza mimi nitasema kingine.

#26 Kimya Kirefu

Nisamehewe kwa kuuliza la dada yangu katikati ya la mtu. Alijifungua mtoto mfu baada ya uchungu wa siku mbili, na tangu hapo mkojo unatiririka usiku na mchana, habanwi, haendi chooni kabisa. Je, mazoezi haya yatamsaidia?

#27 Fizio wa Kanda

Ndugu yangu, pole sana. Hapana, na msipoteze hata wiki moja kwenye mazoezi. Maelezo hayo yanafanana na fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na tundu halikazwi. Linahitaji hospitali yenye wapasuaji wa fistula. Kwa Dar es Salaam ipo CCBRT, ambako matibabu ya fistula hutolewa bure. Kama amejifungua karibuni sana waambieni tarehe kamili, kwa sababu tundu dogo likiwahiwa wakati mwingine huziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo peke yake. Mazoezi yana nafasi baadaye, baada ya kushonwa, kwa wale wanaoendelea kuvuja.

#28 Kimya Kirefu

Ni wiki ya tano. Nampigia sasa hivi. Asante.

#29 Mkulima Mbishi

Wakati tunasubiri habari za Usukani, na kwa kuwa mzee ametutangulia kwa ujasiri, nami niseme langu. Namaliza kukojoa, natikisa, nafunga zipu, natembea hatua kumi, na matone yanashuka kwenye suruali. Nina miaka 41. Navaa suruali nyeusi tangu 2019. Hiyo misuli ambayo nilisema sina, ndiyo inayohusika?

#30 Mzee wa Kibosho

Karibu chamani, mwanangu.

#31 Fizio wa Kanda

Ndiyo, inahusika. Matone hayo hayatoki kibofuni, ni mkojo uliobaki kwenye mkunjo wa njia ya mkojo nyuma ya korodani. Ukimaliza, ngoja kidogo, kaza mara moja kwa nguvu, kisha weka vidole nyuma ya korodani ukibonyeza kwa upole na kuvuta kuelekea mbele, mara mbili au tatu. Unaukamua kama mkulima anavyokamua mwisho wa mpira wa kumwagilia. Suruali ya kaki inaweza kurudi.

#32 Usukani

Narudi baada ya wiki tatu. Kichocho hakuna, sukari iko sawa, ultrasaundi ya tezi dume daktari amesema haina neno, na mkojo unaobaki kibofuni ni kidogo. Daktari wa mkojo ameandika prostataitisi ya muda mrefu na kunipa dawa ya kulegeza njia. Mtaalamu wa fiziotherapia niliyemwona siku nne baadaye alibonyeza sehemu moja upande wa kushoto, nikaruka, maana ndiyo ndimu yenyewe, na akasema ni misuli. Nilipomweleza habari za kiti akanyamaza kidogo, akaniambia nilete picha ya kiti. Kwa sasa nameza dawa, nafanya pumzi, nimenunua mto wenye uwazi katikati, na nakunywa maji, kwa hiyo turnboi wangu analalamika kwamba tunachimba dawa kila kijiji. Maumivu yamepungua, ila siwezi kusema kimepunguza nini kati ya hivyo vinne.

Mke wangu aliuliza kama aibandue ile karatasi. Nimemwambia aiache, ila ameongeza kwa kalamu chini ya kila mchoro: "na kuachia".

#33 Spoku

Weka picha ya kiti hapa tuione.